Kikohozi cha Heshima

Mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani wa shule yetu ya Iringa, nilikaa meza moja na Daktari Salome, nikashindwa kula. Kuku alikuwa mzuri, wali ulikuwa wa moto, na wenzangu walikuwa wameshaanza kutaniana kuhusu mvi na vitambi. Mimi nilikuwa na swali kooni. Halikuwa langu, nilipewa nilibebe zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na mtu ambaye sikuwahi kumwona uso. Dada Salome alinitangulia shuleni. Mimi nilimjua, maana kwetu Igowole, Mufindi, hakuna asiyejua kwamba binti wa pale ndiye daktari wa saratani Dar es Salaam. Yeye hakunijua, na wala hakuwa na sababu ya kunijua. Tuliposalimiana "kamwene" alifurahi kusikia lafudhi ya nyumbani, akaniuliza siku hizi niko wapi. Nikamjibu niko Mbeya, nafundisha. Halafu nikamwambia kwamba niliwahi kusoma utafiti wake wa mwanzo kabisa, ule wa mionzi na saratani ya mapafu. Akaweka uma chini, akacheka. "Ule? Mdogo wangu, ule hakuna aliyeusoma. Nadhani tuliusoma mimi na aliyeuchapa." Nikamwambia, "Sisi tuliusoma, dada. Tuliusoma nyumba nzima." Akanitazama vizuri sasa, akavuta kiti chake karibu, na mimi nikaona siwezi kumuuliza swali lenyewe bila kwanza kumpeleka Iyunga, huko Mbeya, jikoni kwa mama mkwe wangu.

Nilifika Iyunga bibi harusi, mwalimu wa Kiingereza katika sekondari ya jirani, na kabla sijafungua sanduku mama mkwe wangu alinikalisha jikoni akanifundisha namna ya kutembea katika nyumba yake. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana haonani na baba mkwe wake. Hawapishani njiani, hawakai chumba kimoja, hawasemezani, na jina la mzee halitoki kinywani mwa binti. Ndiyo maana hata hapa silitaji. Namwita Mkwe, na mke wake namwita Mama, kama nilivyowaita mwaka ule. Kwetu Mufindi wakwe tunawaheshimu, lakini tunawaona. Nilidhani ni mambo ya wiki moja, ya kumpima mgeni. Mume wangu Ambwene, dereva wa malori ya Tunduma na Dar, aliniambia, "Utazoea tu," akapanda lori lake akaondoka. Wanaume wana raha zao.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma, karibu na barabara kuu kiasi kwamba vikombe vilitetemeka kabatini kila lori lilipopita. Chumba cha Mkwe kilipakana na jiko. Ukuta wa katikati haukufika juu, na dari haikuwepo, kwa hiyo moshi wetu ulimfikia yeye na maneno yake yalitufikia sisi. Katika ukuta huo palikuwa na mlango wenye pazia la kitenge, na kizingitini pale ndipo Mama alipoketi kutwa, bega moja kwa mume wake na bega moja kwangu, akimenya ndizi za kupika. Mkwe alipotaka kutoka uani alikohoa kwanza. Kikohozi kimoja kikavu, maana yake natoka. Nami nilichomoka na mwiko mkononi nikajificha stoo mpaka ndala zake zipite, na akirudi alikohoa tena. Nilimpenda kwa kikohozi kile kabla sijajua lolote jingine juu yake. Nilikuwa mgeni, sijui hata neno moja la kwao zaidi ya "ndaga", yaani asante, na hapo palikuwa na mzee, fundi wa reli mstaafu, ambaye hakupita mahali bila kuhakikisha kwamba mimi sitaaibika.

Mvua zilipokwisha na baridi ikaingia, akazidi kukohoa. Alikohoa kabla ya kutoka, akakohoa akiwa njiani, akakohoa amekwisha kaa. Mama alijisifu kwa majirani: mzee anamheshimu yule binti wa Kihehe kupita kiasi, hata akijigeuza kitandani anakohoa. Majirani walicheka, mimi nilicheka zaidi, na yeye mwenyewe nilimsikia ng'ambo ya ukuta akichekea puani. Nyumba nzima tulisikia heshima. Mpaka asubuhi moja nikiwa stoo, nimebana mlango, nasubiri ndala zipite. Nikasubiri. Kikohozi kikaendelea, kikaendelea, na ndala hazikupita, na nikaelewa kwamba hakuna mtu anayekwenda popote. Nimefikiria jambo hili mara nyingi tangu siku hiyo. Nyumba nyingine yoyote wangemwuliza mzee, mbona unakohoa? Sisi tulimshukuru.

Hospitalini mjini tulikwenda watatu, yeye na Mama mbele, mimi nyuma kabisa nimejitanda kanga mpaka usoni, macho chini, kwa sababu Ambwene alikuwa safarini na wao walitaka mtu wa kusoma karatasi. Muuguzi aliita ndugu wa mgonjwa waingie kwa daktari. Mama akaingia, mimi nikabaki nyuma ya mlango, nikasikiliza kupitia ufa. "Huyu binti yenu si mwalimu?" muuguzi akauliza. "Mbona anajificha kama mwizi?" Mama akamjibu taratibu, "Hajifichi. Ni mkwe." Muuguzi alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, hakuuliza tena; akaniletea picha ya eksirei ukumbini kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa sahani mezani kwa mgeni. Nilichosikia kwenye ufa ule ni kwamba ugonjwa uko pafu la kulia na umekwisha kusambaa, kwamba kupasua haiwezekani, na kwamba mionzi iko Dar es Salaam, wiki nyingi, akitaka. Mkwe alisema hataki. Alisema hivyo kwa adabu, na akamshukuru daktari.

Nyumbani ukatokea ubishi ambao sidhani kama umewahi kutokea nyumba nyingine. Nilikuwa nimeshikilia ile picha ndani ya bahasha yake na Mama alikuwa anataka nimwonyeshe ugonjwa uko wapi. Nikamuuliza, je, mimi naruhusiwa kuitazama? Si ni yeye? Mama akasimamisha kisu katikati ya ndizi. Alimwuliza mume wake kupitia pazia. Naye akamrudishia yeye aamue. Mwishowe Mama aliitoa picha mwenyewe, akaipeleka dirishani, akaikagua juu mpaka chini, akasema, "Haina uso. Njoo uangalie." Basi nikamwona. Niliona mbavu zake zote, moyo wake umekaa upande, na juu kulia weupe usiokuwa na kazi pale. Sikujua ana pua ya namna gani wala kama ana ndevu, lakini tangu siku hiyo aliposema neno lolote ng'ambo ya ukuta nilijua linatokea wapi.

Kilichomfanya akatae mionzi hakikuwa woga wa mashine. Nilimsikia akimweleza Mama jioni, kwa Kiswahili, na wao wawili wakiwa peke yao walisema Kinyakyusa siku zote. Alitaka nisikie. Alisema, "Mimi sitaki kukaa Dar kwenye joto wiki zote hizo, nasubiri dozi, halafu nife kule. Nani atanisalimia kwa Kinyakyusa pale? Mtaniletea sanduku kwenye lori la Ambwene." Mimi nilikaa kwenye kigoda changu mbele ya jiko la mkaa, machozi yananidondoka kwenye maharage, na nikamkumbuka binti wa Igowole. Jumamosi nikaenda Mwanjelwa, kwenye duka moja la intaneti lililokuwa juu ya maduka ya vitenge, nikaandika majina yake mawili nikitafuta namba ya simu. Namba sikuipata. Nilipata utafiti wake, kurasa chache za Kiingereza kigumu, na kichwa chake kilikuwa na maneno mawili niliyokuwa nimeyasikia kwenye ufa wa mlango wa daktari. Nikauchapisha, nikaukunja, nikautia kifuani kwa sababu ya vumbi.

Tuliusoma kwa jioni kadhaa. Nilikaa jikoni, karatasi mapajani, Mkwe kitandani kwake, Mama kizingitini. Nilisoma sentensi kimoyomoyo kwa Kiingereza, nikaitoa kwa Kiswahili kwa sauti, nikimwambia Mama. Mzee alisikia kila neno, ukuta wenyewe ule. Lakini hakuwahi kunijibu hata mara moja kabla Mama hajamfikishia, na Mama alifikisha kama alivyoona inafaa.

"Mwambie," alisema Mkwe, "hao watu wa kwenye karatasi wanaumwa kweli, au ni wa kusimuliwa tu?"

Mama akanigeukia. "Anauliza kama wanaumwa kweli."

"Mwambie wanaumwa kweli, Mama. Ugonjwa umesambaa. Wengine wanatema damu."

Mama akageukia pazia. "Anasema wanaumwaumwa kidogo hivi."

Sauti ya Mkwe ikaja polepole, "Mwambie nimesikia la kwake."

Nilicheka mpaka Mama akanipiga na ganda la ndizi. Sijui nieleze vipi furaha ya jioni zile, na mtu amelala pale anaumwa hivyo. Nilikuwa nimefundisha madarasa ya watoto wengi, na hakuna aliyewahi kunisikiliza namna ile. Aliuliza mionzi inaingilia wapi na inatokea wapi, na ikifika kwenye ugonjwa inajuaje kwamba imefika. Alitaka kujua kama ngozi inaungua. Utafiti wenyewe ulikuwa unauliza jambo moja: kwa mtu ambaye mapafu yake yamekwisha shambuliwa sana, mionzi ya mara chache inaweza kumtuliza sawasawa na ya mara nyingi? Damu ikome, kifua kilegee, apumue? Na jibu lake, kwa tahadhari nyingi za kitabibu, lilikuwa kwamba inaweza. Nilipofika hapo nilisikia kitanda kikilia. Alikuwa ameketi.

Halafu nikafika kwenye sentensi nisiyoitaka. Ilisema kutuliza si kuponya, na ilisema wagonjwa wale kwa jumla waliishi muda gani. Nikageuza ukurasa kana kwamba nimemaliza.

"Mwambie asiruke," alisema Mkwe. "Mimi nimefanya kazi relini. Ukiruka stesheni unaacha watu."

Nikaisoma. Niliisoma yote, kwa Kiswahili cha wazi. Mama hakuifikisha. Aliendelea kumenya ndizi ambazo zilikuwa zimeshatosha chakula cha siku mbili. Naye Mkwe, aliyekwisha sikia, akangoja. Hakuweza kujibu jambo ambalo hajafikishiwa. Tukakaa hivyo wote watatu. Mwishowe Mama akasema maneno mawili matatu ya Kinyakyusa, na mzee akacheka mpaka akapaliwa. Baadaye nilimuuliza Mama alimwambia nini. "Nilimwambia chai yake imepoa," akasema.

Alipotulia, Mkwe akauliza swali ambalo ndilo lililonizuia kula Iringa. "Mwambie anitazamie kitu kimoja. Hao watu, walipokwisha kupigwa mionzi, walirudi nyumbani?" Nilitafuta. Nilipitia kila jedwali, kila maelezo ya chini kwa herufi ndogo. Waliandika kikohozi, damu, maumivu, umri, wanaume na wanawake. Neno nyumbani halikuwepo. "Mwambie haijaandikwa," nikasema, na Mama safari hii alifikisha kama lilivyo. Akafikiri. "Basi mwambie, siku akimwona huyo dada yake wa Igowole, amwulize." Na baada ya hapo akasema atakwenda. Mara chache anaziweza, alisema, akishikwa na joto atavumilia. Ila Ambwene aape kwamba akimaliza, hata awe hoi, wanageuza siku ileile.

Walikwenda, yeye na Ambwene, na nyumba ikawa mbaya. Nilitembea uani nitakavyo, kichwa wazi, hakuna kukimbilia stoo, na sikuupenda uhuru ule hata kidogo. Mama alikaa kizingitini kwa mazoea, akageuka kulia akageuka kushoto, hana wa kumpelekea neno. Waliporudi nilijificha kama kawaida na nikasikia ndala, nyepesi kuliko za mwanzo. Koo lilikuwa limeungua, hawezi kumeza. Nilimpikia togwa ya kwetu, laini, Mama akampelekea, na kikombe kikarudi kimelambwa. Baada ya muda koo likapona na damu haikuonekana tena. Na kikohozi kikakoma.

Hapo ndipo tulipopata balaa jipya. Mzee alitoka uani siku moja kimya kabisa, mzima, anaota jua, na mimi nikatokea pembeni mwa migomba na beseni la nguo. Alichofanya ni kuvua koti lake la reli akajifunika kichwa chote, akachutama pale katikati ya uwanja. Niliona koti, na visigino viwili. Nilirudi nyuma nikalia kwa kicheko, naye nikamsikia ndani ya koti anacheka vilevile. Akijaribu kukohoa kwa makusudi, Mama alipandwa na hofu akakimbia kumshika kifua. Basi Ambwene akamnunulia kengele ya baiskeli. Alitembea nayo mkononi, mzee wa watu, akiipiga nyumba nzima. Kri-kri, natoka. Kri-kri, narudi. Watoto wa jirani walidhani amepata wazimu.

Miezi ile ndiyo ninayoitamani. Hakuna mwaka wa maisha yangu ninaoutaka urudi kama ule, na nina watoto, na nimekuwa na miaka mizuri. Nikirudi kutoka shuleni nilimkuta ameshaniwekea maswali kwa Mama. Mwambie anisomee gazeti. Mwambie anisimulie Igowole, huko kwenye miti ya misonobari, mimi nilipita mara moja kwa miguu nikanyeshewa ukungu bila mvua. Nilisimulia huku nakoroga ugali, nikimwambia Mama mambo ambayo Mama alikwisha yasikia. Pumzi yake ilikuwa ndefu sasa. Alimaliza sentensi bila kutua. Nilijua ni kwa muda tu. Nilikuwa nimeusoma muda wenyewe kwa sauti yangu, na yeye aliusikia, na hakuna aliyeutaja tena.

Mvua ziliporudi kengele ikaanza kuchelewa. Halafu ikanyamaza, na ndala nazo. Ambwene alikuwa nyumbani wiki hiyo na nilimsikia ng'ambo ya ukuta akimwambia baba yake kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwamba hata mchungaji anasema hakuna dhambi, mwacheni binti aingie amwone. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na kikombe cha uji. Nilitaka kuingia. Naapa nilitaka. Mkwe alipata shida kujibu, na alipojibu hakumjibu mwanawe.

"Mwambie asiingie," alimwambia Mama. "Nilipokuwa na sura hakuiona. Hii iliyobaki si ya kumpa mkwe. Sauti amepata nzuri, ile iliyorudi kutoka Dar. Abaki na hiyo."

Mama aligeuka anifikishie, akashindwa. Nikamwambia, "Mwambie nimesikia la kwake." Mkwe akafa siku ya pili mchana, malori yakipita barabarani. Nilikuwa ukutani, kwa hiyo najua kwamba saa ile ya mwisho hakusema neno lolote. Mama alitoka, akaketi kizingitini pake, akanigeukia. "Anakuaga," akasema. "Anasema ndaga kwa togwa." Nikamjibu, "Mwambie nimesikia."

Haya yote nilimsimulia Dada Salome, na wali wetu ukapoa. Kisha nikamwuliza. "Wale watu wa kwenye karatasi, dada. Walirudi nyumbani?" Alichukua kitambaa cha mezani akakikunja mara mbili. "Si wote," alisema. "Lakini wengi walirudi. Baadhi yao niliwasindikiza stendi mwenyewe. Mdogo wangu, ile kazi niliianza kwa ajili hiyo. Watu walikuwa wanatufia hosteli wakisubiri dozi ziishe, wanaulizia mashamba yao. Nilitaka wapigwe chache warudi. Ila kwenye jarida huwezi kuandika hivyo, unaandika kikohozi na damu." Akapangusa macho bila kuficha. "Na huyo wa kwenu? Alikuwa mtu wa namna gani, mrefu?" Nikamwambia sijui. Nikamwambia naujua moyo wake umekaaje, lakini kama alikuwa mrefu sijui.

Jumapili iliyofuata nilikuwa tena Iyunga. Mama alifariki mwaka huu, na nyumba ile inabidi ikabidhiwe kwa wadogo zake Ambwene, kwa hiyo tulikuwa tunatoa vitu. Ambwene, ambaye siku hizi akisema kitu chumba cha pili hunishtua kwa sauti ile ile, alishusha picha ya baba yake iliyokaa miaka yote sebuleni chini ya kitambaa cha kufuma. Akauliza kama sasa nataka kuiona. Nikamwambia aifunge vizuri. Nilichoomba ni ile kengele, akanipa. Alipotoka kupakia viti nilikwenda jikoni nikakaa kwenye kigoda changu. Pazia halikuwepo tena. Kizingiti kilikuwa kitupu, kimelika katikati, mahali Mama alipokuwa anakaa, na nilikuwa na ujumbe mkononi na hakuna wa kumwambia amwambie. Basi nikageukia ukuta, nikasema mwenyewe, kwa mara ya kwanza.

"Baba," nikasema, "walirudi. Si wote, lakini wengi walirudi."